Uso wa Kushoto

Chumba chetu kiko juu ya duka la matairi, Ngara.
Julai. Baridi ile ya Nairobi isiyo na mvua wala jua,
mbingu kama sufuria iliyofunikwa.
Meza nane, chupa mbili za chai, mandazi ya jana,
na harufu ya mpira mpya inayopanda ngazi pamoja nasi.

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kina upana wa mabega yangu.
Saa zote za klabu zimewahi kulala matumbo wazi mbele yangu,
kwa hiyo hii ya meza ya nne naijua:
nyuso mbili, funguo mbili,
na uso wa kushoto una haraka.
Kila saa moja hula dakika tatu zisizo zake.
Nilisema nitaitengeneza. Nimesema hivyo tangu Pasaka.

Leo ni ligi, na Buruburu wamekuja na koti moja la timu
wanalopokezana.
Mpinzani wangu ni Syombua, muuguzi, ametoka zamu ya usiku,
kalamu mbili mfukoni, nyekundu na buluu.
Yeye nyeupe, mimi nyeusi. Na mwenye nyeusi, kwa sheria,
ndiye huchagua saa ikae upande gani.
Nikaiweka mkono wangu wa kulia.
Ikikaa kulia kwangu, uso wa kushoto ni wake.
Sikufikiri.
Au nilifikiri upesi, kama mtu anayekanyaga noti iliyoanguka.

Askari wa mfalme wake, hatua mbili. Wangu pia, pua kwa pua.
Farasi wake, farasi wangu.
Askofu wake akatua c4, akinusa f7;
wangu c5, adabu kwa adabu,
majirani wanaosalimiana mpaka salamu zinawaishia.
Kisha, kwa ncha za vidole viwili:
askari, b4.

Hana mlinzi. Amesimama mbele ya askofu wangu
kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau ametumwa nini.

Nikamla. Nani angemwacha?
Nilijua anachonunua: si nafasi, ni wakati.
c3, na askofu wangu akarudi hadi a5 akikunja joho;
d4, na katikati ikafunguka kama Gikomba alfajiri;
mfalme wake keshaingia ndani, kafunga mlango,
wangu bado yuko barabarani na mizigo.

Nilifika ndani nimechelewa.
Hatua ya kumi na tisa: malkia wake d3, farasi wake g5,
ngome yake e6, mahali ambapo ngome ya mtu haina haki ya kuwa.
Olwande, nahodha wetu, akapita, akatazama ubao,
akaenda kumimina chai ambayo hakuinywa.

Syombua aliinama, akahesabu
bila kupepesa, kama anayehesabu matone ya dripu.
Aliutazama uso wa saa. Uso ukamwambia moja.
Mimi nilijua ni nne.
Haba na haba, hujaza kibaba.
Bendera ndogo nyekundu ikainuka, ikaning'inia, ikaanguka.

"Muda," nikasema,
kwa sauti ile ninayomwambia mteja *njoo kesho*.

Akanipa mkono. Ulikuwa wa baridi, unanuka sabuni ya hospitali.
"Nimefikiri mno," akasema,
akanionyesha, bila kinyongo: ngome imle farasi wa f6,
nikiila ngome, malkia h7. Basi.
Akamrudisha askari wa b4 kwenye kisanduku,
wa kwanza kuliwa, wa mwisho kulala.

Olwande aliandika *moja* kwenye karatasi, akaipigia mstari.

Usiku nimeifungua ile saa chini ya balbu.
Springi nyembamba kama unywele wa mtoto.
Kishale nimekisogeza kuelekea polepole,
upana wa punje ya mtama.
Kazi ya dakika tatu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakwenda Buruburu,
kwa saa zao.